"Shoti" si jibu: Nani abebe mzigo laptopu ikifa ndani ya waranti?

Kadi ya waranti ilirudi kaunta ikiwa na neno moja lililoandikwa kwa kalamu ya bluu: Shoti.

Binti wa dada yangu, mwanafunzi wa mwaka wa 3 wa chuo kikuu, aliisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna maelezo zaidi, kisha akanitazama. "Mjomba, ndiyo nini sasa?"

Mwenye duka hakusubiri nijibu. Alimweleza kwa upole kwamba shoti haimo kwenye waranti. Umeme wa nyumbani hauko mikononi mwake, na yeye aliuza mashine nzima. Akairudisha laptopu kwenye mfuko wake, akausogeza mfuko upande wetu wa kaunta, na kumwita mteja aliyefuata.

Hapo ni Kariakoo, Dar es Salaam, siku ya kazi, saa 5 asubuhi. Kabla yetu alikuwepo mzee mmoja mwenye laptopu iliyofungwa kwenye kanga. Naye aliambiwa neno hilohilo. Alishukuru, akaikunja kanga yake, akashuka ngazi. Nimekuwa nikimfikiria mzee huyo tangu siku ile, na makala haya yameanzia hasa kwake.

Laptopu ya binti yetu ilikuwa na miezi 7 tu, na kadi inasema miezi 12. Ilizima usiku akiwa anaandika utafiti wake. Taa za chumbani ziliendelea kuwaka, friji iliendelea kunguruma, na umeme haukukatika usiku ule. Jambo moja alilotusimulia lilinikaa kichwani. Chaja ikiwa ukutani peke yake, kataa kake kanawaka. Akiichomeka kwenye laptopu, kataa kanazima. Akiichomoa, kanawaka tena.

Sikujua siku ile kwamba kataa hako kalikuwa kameshatoa ushahidi wote tuliouhitaji.

Neno moja, mambo matatu

Katika mazungumzo ya mtaani, shoti ni chochote kinachohusu umeme kuharibu kitu. Nyumba imeungua? Shoti. Simu haiwaki? Imepigwa shoti. Kwa fundi, neno hilo lina maana finyu zaidi: umeme umepata njia ya mkato kwenda pasipopaswa, bila kupitia kazi uliyopangiwa. Ni kama maji ya mfereji yaliyopata ufa, yakamwagikia njiani kabla ya kufika shambani.

Kwa hiyo shoti ni hali ambayo bodi imekutwa nayo. Neno hilo halisemi nani aliifikisha hapo. Daktari akiandika "homa" kwenye cheti, hajasema kama ni malaria au ni kidonda kilichooza. Duka likiandika "shoti" na kufunga faili, limetaja dalili, likahukumu kana kwamba limetaja chanzo.

> Shoti ni hali ambayo bodi imekutwa nayo. Neno hilo halisemi nani aliifikisha hapo.

Mimi na binti yetu tulikaa nusu siku na fundi mmoja wa bodi, mtu wa makamo ambaye vijana wa ghorofa nzima humwita "mzee wa mita". Kwa hesabu yake, laptopu yenye shoti imefika pale kwa njia 3: umeme wa ukutani, maji, au kipuri kilichokufa chenyewe. Na kila njia, alisema, huacha nyayo zake.

Ukuta ukikosea

Tuanze na ukuta, kwa sababu ndio unaolaumiwa kuliko vyote.

Nyumba nyingi hupokea fezi 1 kati ya 3 zinazopita kwenye nguzo. Kati ya fezi na nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, kuna volti 230. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ikikatika nguzoni, au ikilegea kwenye transfoma, nyumba za fezi tofauti hujikuta zimeungana kwa mfululizo bila wenyewe kujua. Yenye matumizi madogo ndiyo inayoumia: nyumba yenye taa 2 na chaja 1 inaweza kupokea volti zinazokaribia 400, huku jirani mwenye pasi na jiko la umeme akiona taa zake zikififia.

Ndani ya chaja ya laptopu kuna kapasita kubwa inayopokea umeme baada ya kunyooshwa. Mara nyingi imetengenezwa kuhimili volti 400 hadi 450. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa hufikia kilele cha volti 325 hivi, kwa hiyo nafasi ipo. Wa volti 400 hufika 565. Hapo kapasita hutumbuka, fyuzi hukatika, na mara nyingi mwenye nyumba husikia mlipuko na kunusa harufu ambayo hataisahau.

Kwa hiyo, ukuta ukikosea, anayekufa kwanza ni chaja. Kati ya upande wake wa ukutani na upande unaotoa volti 19 kuna transfoma ndogo, na umeme huvuka hapo kwa sumaku, si kwa waya. Chaja nzuri ni mlinzi wa mlangoni: huuawa yeye kabla mwizi hajaingia chumbani. Radi inaweza kuvuka kizuizi hicho. Chaja feki, iliyotengenezwa bila nafasi ya kutosha kati ya pande hizo 2, nayo inaweza kuupitisha umeme huo. Lakini uharibifu wa namna hiyo haujifichi. Ukiifungua chaja unakuta weusi.

Chaja iliyo nzima, inayotoa volti zake sawasawa, ni shahidi mgumu kwa anayetaka kuulaumu umeme wa nyumbani.

Maji, chumvi na mende

Njia ya pili ni maji, na hapa wateja tuseme ukweli wetu. Chai humwagika. Soda humwagika. Mtoto hupita na kikombe cha uji. Wengi hukausha laptopu juani, ikawaka, wakashangilia, na baada ya wiki 3 ikazima. Maji yameshakauka, lakini sukari na chumvi zimebaki, zinakula shaba polepole na kuacha ukungu wa kijani.

Kwa sisi wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa hata kikombe hakihitajiki. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi. Mende nao hupenda joto la bodi, na hawaiachi safi.

Laptopu za siku hizi zinazochajiwa kwa tundu la USB-C zimeongeza udhaifu mwingine. Ndani ya tundu hilo vipini vimepangwa kwa umbali wa nusu milimita. Kipini kinachobeba volti 20 za chaji kimekaa jirani na vipini vya mawasiliano ambavyo vimezoea volti chache tu. Uchafu au kutu kidogo kati yao, na volti 20 zinaingia kwenye nyumba ya volti 3.

Watengenezaji wanalijua hili la maji, ndiyo maana wengi hubandika ndani vikaratasi vyeupe vinavyogeuka vyekundu vikilowa. Hapo hakuna ubishi mrefu.

Kipuri kinapokufa chenyewe

Njia ya tatu ndiyo inayopotea ndani ya neno shoti, na ndiyo ambayo waranti iliandikiwa.

Juu ya bodi kuna mamia ya kapasita ndogo za kauri, nyingine hazifiki nusu ya punje ya mchele. Kila moja ni tabaka juu ya tabaka: kauri, chuma, kauri, chuma. Bodi ikipindwa kidogo kiwandani wakati wa kukaza skrubu, kauri inaweza kupata ufa usioonekana. Mashine inafungwa, inapimwa, inafaulu, inasafirishwa. Miezi inapita, joto linapanda na kushuka, ufa unakua, tabaka za chuma zinagusana. Siku hiyo njia ya volti 19 inakutana na ardhi ya bodi moja kwa moja.

Chaja ikichomekwa, inahisi mzigo usio wa kawaida na kujizima kujilinda. Kataa kanazima. Ikichomolewa, inapumua tena na kataa kanawaka.

"Kumbe hiyo taa ndiyo ilikuwa inasema," binti yetu alinong'ona fundi alipomaliza kueleza.

Fundi hakutuahidi ushindi. Ufa wa aina hiyo, alisema, unaweza pia kutokana na laptopu kuanguka, na mteja mkweli lazima aulizwe. Lakini mashine iliyoanguka kwa kishindo cha kupasua kapasita kwa kawaida huonyesha kona iliyobonyea. Ya kwetu ilikuwa laini kama siku iliponunuliwa.

Waranti inasema nini hasa

Waranti nyingi za watengenezaji wa laptopu ni za mwaka 1, na zinafunika kasoro za malighafi na za utengenezaji. Hazifuniki ajali, vimiminika, matumizi mabaya, umeme usiofaa, wala kazi ya fundi asiyeidhinishwa. Kampuni kama Dell na Lenovo huuza kinga ya ziada kwa ajili ya ajali, na ndani yake hutaja kumwagikiwa, kuanguka na umeme kupanda ghafla. Ukiona kitu kinauzwa pembeni, ujue hakimo kwenye kile ulichopewa.

Hadi hapo mwenye duka ana hoja. Umeme ukipanda ghafla na kuua laptopu, waranti ya kawaida haimdai chochote. Hoja yake inakwama mahali pamoja tu: anasema umeme ulipanda, lakini hajaonyesha.

Kuna pia mkanganyiko wa pili unaowaumiza wengi. Kadi unayopewa dukani mara nyingi si ya mtengenezaji, ni ya duka. Laptopu imenunuliwa Dubai au Guangzhou, imepita kwa mfanyabiashara wa jumla, ikaja rejareja. Waranti ya mtengenezaji, kama ipo, pengine inatambuliwa katika nchi iliyokusudiwa tu. Namba ya utambulisho (serial number) iliyo chini ya mashine ukiiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji itakuambia tarehe ya mwisho wa waranti. Fanya hivyo ukiwa bado kaunta, kabla hujatoa pesa.

Upande wa kaunta

Nilirudi kwa mwenye duka peke yangu siku iliyofuata na kujitambulisha kuwa mwandishi. Hakufukuza mtu. Alivuta kiti.

Malalamiko yake ni ya kweli, na ningekosa haki kuyapunguza. Faida ya laptopu 1 ni ndogo. Bodi mpya inaweza kula faida ya mashine kadhaa. Msambazaji aliyemuuzia hapokei bodi zilizoungua. Wapo wateja wanaoleta laptopu inayonuka kahawa na kuapa haijaguswa na maji. Wapo waliokwenda kwanza kwa fundi wa mtaani, akachomelea, akaharibu, ndipo wakaikumbuka waranti.

Nilimuuliza fundi wake hupimaje kabla ya kuandika shoti. Alisema huweka mita kwenye njia ya kuingizia umeme; ikisoma karibu na sifuri, ni shoti. Baada ya hapo? Baada ya hapo huandika.

Hajawahi kuambiwa aandike zaidi, alisema mwenye duka. Niliamini kauli hiyo. Hakuna aliyemdai zaidi.

Ukifungua umekosa, usipofungua umekosa

Mteja anayetaka kubisha amefungwa mikono kwa namna ya pekee. Ushahidi uko ndani ya mashine, na kwenye skrubu kuna kikaratasi kinachosema kikichanika, waranti imekufa. Akifungua kutafuta ukweli, amejifuta. Asipofungua, ataishi na neno la mtu mwingine.

Marekani ina sheria ya waranti ya 1975, inayojulikana kama Magnuson-Moss, ambayo kwa kawaida haimruhusu mtengenezaji kuifanya waranti itegemee vipuri au huduma za kampuni fulani tu. Mwezi Aprili 2018 Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, ilizionya kampuni 6 kuhusu maneno ya namna hiyo, likiwemo lile la kikaratasi kikichanika. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi kwa suala letu hili hasa. Mnunuzi ana dhamana ya kisheria ya miaka 2 dhidi ya muuzaji, na kwa kanuni zinazotumika tangu Januari 2022, kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka 1 huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya mauzo, isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo.

> Ushahidi uko ndani ya mashine, na kwenye skrubu kuna kikaratasi kinachosema usifungue.

Hapo ndipo moyo wa jambo hili ulipo. Swali la nani analipa huamuliwa na swali jingine lililotangulia: nani anatakiwa kuthibitisha. Mwenye mita, hadubini na fundi ni duka. Mwenye risiti tu ni mwanafunzi. Kumtwika mwanafunzi kazi ya kuthibitisha ni kumnyima haki kabla hajafungua mdomo.

Kwetu sheria haiko kimya. Tanzania ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, yenye asili ya sheria ya Uingereza ya 1893, inayotaka bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wake iwe na ubora wa kuuzika na ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Ina pia Sheria ya Ushindani ya 2003, inayoweka masharti yanayohesabika kuwemo kwenye mauziano ya mlaji hata kama hayakuandikwa, na Tume ya Ushindani, FCC, ya kuisimamia. Kenya imeweka haki za mlaji ndani ya Katiba yake ya 2010, Ibara ya 46, na Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ikafuata 2012.

Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yaliyopigwa chapa chini ya risiti zetu yamezoeleka mno kiasi kwamba tunayaona kama sheria ya nchi. Ni maneno ya duka.

Na kama kweli ni umeme?

Ikithibitika kuwa ni ukuta, mzigo unahama kaunta. Kama nyutro ilikatika nguzoni na nyumba 5 za mtaa zikaungua vifaa usiku mmoja, hilo ni suala la mwenye nguzo. Tanzania Bara, malalamiko huanzia kwa shirika la umeme, TANESCO, kwa maandishi. Usiporidhika unakwenda kwa mamlaka ya udhibiti, EWURA, na lipo Baraza la Ushauri la mamlaka hiyo la kuwasaidia watumiaji kufuatilia. Kenya, Sheria ya Nishati ya 2019 inazungumzia fidia kwa aliyeharibikiwa mali kwa umeme usio na ubora.

Uzito wa malalamiko hayo uko kwenye kumbukumbu: saa ya tukio, namba ya taarifa uliyopewa ulipopiga simu ya dharura, majina ya majirani walioathirika, picha ya chaja iliyotumbuka. Na hapa pia karatasi ya fundi inahitajika, ileile inayotaja kipuri kilichoungua na upande uharibifu ulikotokea. Neno shoti pekee halitakufikisha popote, dukani wala EWURA.

Mbele ya macho yetu

Tulirudi dukani siku ya 3, mimi na binti yetu. Safari hii yeye ndiye aliyezungumza. Alisema hapingi waranti ilivyoandikwa. Anaomba mashine ifunguliwe na fundi wa duka, mbele yake, na kilichoonekana kiandikwe.

Mwenye duka alisita. Kisha akamwita kijana wake. "Haya, fungua hapa hapa, dada aone."

Chaja ilipimwa kwanza: volti 19.5, imetulia. Skrubu zikatoka. Vikaratasi vya maji vilikuwa vyeupe vyote, na bodi ilikuwa safi, bila ukijani. Kijana aliweka mita kwenye njia ya volti 19. Karibu na sifuri, kama alivyosoma mara ya kwanza.

Safari hii hakuishia hapo. Alipaka spiriti ya kusafishia juu ya bodi, akaunganisha pawa saplai ya mezani, akaweka volti 1 tu, akaacha ampea chache zipite. Tuliinama wote 4 juu ya meza, hata mwenye duka. Spiriti ilikauka kwanza kwenye nukta moja, karibu na tundu la chaja, huku kwingine kote kukiwa bado kunang'aa. Akaweka hadubini. Kwenye ubavu wa kapasita moja ulionekana mstari mwembamba kama unywele.

Aliing'oa kwa hewa ya moto. Mita ikapanda.

Mwenye duka alikaa kimya kwa muda. Alieleza kuwa kuibadilisha kapasita hakutamgharimu kitu, anazo kwenye bodi chakavu. Hofu yake ilikuwa bodi nzima. Nilimtazama, nikawakumbuka wale wote walioshuka ngazi zake na mifuko yao kwa sababu ya kipuri kisichofika nusu ya punje ya mchele.

Nilimuuliza kuhusu mzee wa kanga. Hakuwa na namba yake ya simu.

Kijana aliandika upya kwenye kadi, chini ya neno lake la kwanza: kapasita ya njia ya 19V imepasuka, chaja nzima, hakuna maji, imebadilishwa. Binti yetu aliisoma yote polepole. Akaomba iongezwe kwamba miezi 5 iliyobaki inaendelea, na mwenye duka akaongeza kwa mkono wake mwenyewe.

Laptopu ilichomekwa. Kataa ka chaja kalibaki kanawaka. Sura ya 3 ya utafiti wake ilifunguka pale alipoiachia, katikati ya sentensi.

Kabla ya kuifunga mashine, aliirudisha kadi kaunta mara moja zaidi.

"Bosi, naomba na muhuri."